Ekseli yangu imepakiwa kontena la Mombasa

Jamani nishikeni, leo kaka yangu Salim atanitambua.

Mnalijua lile gari la kizamani ninalolijenga gereji, hapa Grand Prairie, huku ughaibuni. Nimehangaika weee kuchagua ekseli ya mbele.

Mpya zimejaa, zinang'aa kama sufuria za bibi harusi. Sikuzitaka! Nilitaka ya enzi zile zile, nzito, gari liiname mbele kama yalivyokuwa magari ya zamani.

Nikaipata Alief, mtaa wa Houston. Nikaendesha hadi huko kuichukua mwenyewe.

Leo natoka kazini, nafungua gereji. Haipo.

Nikampigia Salim. Ufunguo wa pili anao yeye, na wiki nzima anajaza kontena la kwenda Mombasa.

"Kile chuma cha kutu? Nimempelekea mjomba, kitamfaa kwa lori lake. Kontena limeshafungwa, dada."

Bila hata kuniuliza!

"Usikasirike, nitakununulia mpya. Inayong'aa!"

Inayong'aa, jamani. Ndugu yangu wa damu.

Nimekaa sakafuni. Naye kwa upole kabisa ananiuliza:

"Na hilo gari lenyewe, si nalo lina kutu? Nikuwekee nafasi kontena lijalo?"

Haya, nishaurini. Nibadilishe kufuli, au nibadilishe kaka?