Shamba la mama yake Domitila lililolimwa bila pombe

Mama yake Domitila kasimama katikati ya mkutano, kanga kaifunga kiunoni, anawaambia wafanyakazi wote wa ghala: "Mwanangu msimpeleke chuo kikuu."

Hapo ndipo mawazo yangu yalipo tangu nilipopigiwa simu asubuhi. Siamini bado kwamba Dokta Domitila hatunaye tena. Mjukuu ananiandikia, mimi nasema tu.

Ilikuwa Kibondo, miaka ya sabini, ghala la tumbaku. Yeye karani. Mimi kijana niliyeishia darasa la pili, kuli, nina haya, naangalia tu.

Enzi hizo humalizi shule ukaenda chuo moja kwa moja. Unafanya kazi kwanza, halafu wenzako kazini wakupitishe.

Mtoto wa mkubwa mmoja wa wilaya alipitishwa palepale. Nani aulize kwao watakula nini?

Kwa kina Domitila, kijijini Kumsenga, aliyekuwa analisha ni yeye. Baba alishafariki, wadogo zake wanasoma kwa mshahara wake.

Meneja akamuuliza, "Binti, unasemaje?"

"Nataka kwenda. Ila mama asiponiruhusu, nabaki." Hakulia. Tulioinama ni sisi.

Kabura, kuli mwenzangu, akadakia: "Mama, shamba unalo?"

"Ninalo. Mikono sina."

"Basi pika pombe, tuje tulime."

"Ndizi zenyewe za pombe ziko wapi, mwanangu?"

Watu wakacheka. Muha alime shamba la mtu bila pombe? Thubutu!

Jumamosi nikaenda kudandia lori la ghala, najua tutakuwa mimi na Kabura. Aisee! Lori limejaa watu mpaka juu. Hata meneja yumo, na jembe la kuazima.

Mama yake akatuletea maji kwenye kibuyu. Kabura akanywa, akafuta mdomo: "Ya leo imekolea kweli!" Yule mama alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akamgeukia bintiye: "Nenda."

Miaka yote aliyokuwa chuo, tulilima.

Akarudi daktari, jamani! Mtu niliyemwona akihesabu marobota ya tumbaku, ndiye aliyempokea mwanangu wa kwanza alipozaliwa. Nilisimama pale dirishani hospitalini, hata asante ikanishinda.

Asante, dada.

Inabidi niondoke sasa. Gari lenye mwili wake limeshapita Kakonko, na dereva hajui njia ya Kumsenga. Nimeambiwa nikae mbele, nimwelekeze.

Lala tu, Domitila. Tunakufikisha kwenu.