Mabeseni ya Mama Katika Picha Yangu

Kwetu Uthiru maji hayakai, hutembelea tu. Yakifika, hakuna anayeuliza ni saa ngapi. Kila sufuria, kila mtungi, hata jagi la chai hujazwa kabla mfereji haujaanza kukohoa.

Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Ukambani kunikagua, ingawa mwenyewe alisema ametembea tu. Wakati huo nilikuwa nachora, juu ya kitambaa kikubwa, picha ya maonyesho yangu ya kwanza mjini. Mada ilikuwa thamani ya maji, na picha zangu hazina watu wala nyumba, ni rangi na maumbo basi. Mama alikizunguka kitambaa changu, mikono nyuma.

"Na hii ni nini sasa?"

"Ni maji, Mama."

"Maji gani iko bluu hivi? Mtu akikupea hii utakunywa?"

Nilicheka, lakini iliniuma. Nilitamani sana, kabla hajarudi nyumbani, asimame mbele ya picha yangu hata moja na aone kitu. Sifa za wageni ningeweza kuzikosa nikalala vizuri. Zake, hapana.

Kitambaa chenyewe kilikuwa pamba ya marekani niliyoinunua mjini, River Road, kipana karibu kuijaza sebule. Kwa baridi ile ya Julai rangi ilikataa kukauka, nikakiacha sakafuni nikaenda kulala. Asubuhi niliamshwa na mlio wa maji. Mama alikuwa ameshajaza kila chombo nyumbani, na vyote amevipanga juu ya picha yangu. Katika mwanga hafifu wa alfajiri hakuitambua picha; aliona kitambaa kikubwa chenye madoa kimetandikwa chini, akadhani ni cha kuzuia sakafu isilowe.

Nilipiga ukelele ambao majirani wa chini bila shaka waliusikia. Tukaanza kuinua vyombo, na kila kilichoinuliwa kiliacha duara: la beseni, la ndoo, la sufuria ya githeri. Nikataka kukiosha kitambaa nianze upya. Mama akasimama mbele ya mitungi kama askari wa benki.

"Maji imekuja leo, wiki ijayo hatujui. Ati uoshe kitambaa?"

Nikakaa chini nimenuna. Yeye akaendelea na kazi zake, nami nikawa namtazama kwa hasira. Maji ya kuosha mchele aliyakinga kwenye beseni, akayanywesha sukuma wiki tuliyoipanda kwenye makopo pale roshani. Maji ya kusuuza nguo yakapiga deki. Yaliyopiga deki yakawekwa kando yakingoja choo. Hakuna tone lililotoka nyumba ile bila kutumwa mara mbili. Hasira ikaniishia hivi hivi, nikainuka.

"Mama, nisaidie turudishe vyombo juu ya kitambaa."

"Wewe uko sawa kweli?"

Alinisaidia hata hivyo. Tulivipanga kwa mwendo wa maji yenyewe, kutoka mferejini hadi chooni, nami nikazungushia rangi, kuanzia samawati nyepesi hadi kahawia nzito. Yeye ndiye aliyeamua beseni likae wapi, na alikuwa mkali kuliko mwalimu yeyote aliyewahi kunifundisha. Nilifurahi mno siku ile. Tulikula chakula cha mchana saa kumi.

Siku ya maonyesho alivaa rinda lake la kanisa. Bwana mmoja mwenye tai akasema anaona sayari zikizunguka jua. Mama alinitupia jicho, kwa adabu akajizuia kucheka. Kisha akasogea hadi kwenye duara la mwisho, lile la kahawia lenye weupe katikati, akasimama pale pale. Nilidhani miguu inamuuma.

"Hapa ni mtoni kwetu," akasema. "Wakati wa kiangazi tulikuwa tunachimba mchanga na nyanya yako mpaka maji itokee. Shimo lilikuwa hivi tu."

Hakuwahi kunisimulia habari hizo. Wala mimi sikuwa nimechora mto wowote. Nikajifanya natafuta kitambaa cha mkononi kwenye mkoba.

Watu walipoanza kutawanyika nilimshika mkono nikamwambia twende, tusije tukachelewa gari.

"Ngoja," akasema bila kugeuka. "Hii maji huja polepole."