Kabureta na Salamu

Mpasua mbao wa Wawi haruhusu fundi mwingine auguse msumeno wake wa moto. Kabureta mpya kaifunga mwenyewe, kakaa juu ya mfenesi ulioangukia jiko la Bi Time, skrubu kazitia ndani ya kofia yake aliyoipindua. Vidole vyake vinene, lakini bisibisi huizungusha polepole, kama mtu anayemtoa mtoto kibanzi jichoni. Kichwa hukilaza upande, akausikiliza mngurumo: ukikohoa hurudisha kidogo, ukipiga kelele hupunguza. Tatizo ni njia. Kila apitaye hutoa salamu, naye huzima mashine, akaulizia watoto, akaulizia na mgonjwa, kisha huanza upya kuvuta kamba hadi shati linamganda mgongoni. Wingu la mvua limeshatanda na jiko halina paa.

“Baba, si uwapungie mkono tu?” Bi Time akamwambia.

“Salamu haijibiwi kwa mkono, mama.”

Bi Time akajitanda kanga, akaenda kusimama mwanzo wa njia, akawa anazipokea yeye: “Hajambo, anakusalimu, nyumbani wazima, nenda na Mungu.” Nyuma yake mashine ikakohoa, ikanong’ona, halafu ikashika sauti moja safi isiyokatika. Bi Time akashusha pumzi. Mara ikazimwa. Akageuka kwa hasira. Njiani hapakuwa na mtu. Mpasua mbao alikuwa amesimama, anamtazama yeye.

“Mama, tangu nifike nalihangaikia jiko tu, wewe sijakusalimu. Wambaje?”