Cheti Tulichojisainia

Katika kituo cha afya cha Mapendo, seva ya programu yetu ya kuandikisha wagonjwa kwa simu ilikuwa kompyuta kuukuu juu ya kabati la chanjo. Cheti chake cha usalama, kitambulisho kinachoihakikishia simu kwamba seva ndiyo yenyewe, nilikitengeneza na kukisaini mwenyewe, na simu ikakikataa kwa sababu haimjui aliyesaini. Nilichoka kubishana na simu, jamani. Nikaandika mistari mitatu katika programu: kubali cheti chochote, cha yeyote. Nikasema ni ya majaribio tu, nitaifuta. Sikuifuta.

Nilimwomba mama muuguzi aingize wagonjwa wa kubuni ili tujaribu. Akanikazia macho. "Miye mukristu, mama. Nitaandika uongo kwa fishi, kwa karatasi ya mugonjwa?" Nikacheka, nikamwacha na kazi yake.

Mwenzangu tuliyegawana naye meza hupenda kuchokoza watu. Asubuhi moja aliiweka kompyuta yake katikati ya simu yangu na seva, na cheti alichojisainia yeye. Simu ikampokea bila kumuuliza lolote, ikampa orodha nzima. "Dada, mulango wako hauna hata kitasa!"

Nikainama nitazame. Mstari wa tatu wa orodha ulikuwa na jina la mdogo wangu. Mtaa wa Murara, mimba ya miezi mitano, kipimo cha ukimwi: pozitifu.

"Funga," nikasema. Akafunga. Sikulia.

Nikamwendea mama muuguzi: haya majina ni ya kweli? "Sasa ulitaka ya nani?" Alikuwa amenakili daftari lake lote la akina mama, kwa moyo safi. Sikuwa na nguvu ya kumkasirikia. Mistari ile mitatu nilikuwa nimeiandika mimi.

Nikafuta orodha, nikafuta na mistari yangu mitatu. Nikakiweka cheti chetu ndani ya programu, simu ikijue hicho tu. Mwenzangu akajaribu tena, simu ikamkatalia.

Jumapili mdogo wangu alikuja kula sombe, majani ya muhogo niliyoyapika. Mimi ndiye yaya wake, mkubwa wake. Tangu utotoni hakuwahi kunificha kitu. Baada ya chakula alifungua fundo la leso, akatoa kidonge.

"Vitamini ya mutoto, yaya."

"Kunywa maji mengi."

"Na kazi yako ya simu?"

"Inaendelea. Sasa haiamini kila mutu."

"Hiyo iko muzuri," akasema. Akanigeuzia mgongo ili ameze, nami nikaangalia pembeni, kama mtu asiyejua kusoma.