Mfuasi Anayetangulia

Mimi ni mdadisi, na sitamwomba mtu radhi kwa hilo. Tangu utotoni mama alikuwa akiniambia kwamba iko siku pua yangu itabanwa na mlango wa watu. Bado ninayo pua hiyo, nzima kabisa, na bila hiyo msingepata habari za Bibi Oddkatla, mkunga wa bonde letu. Wengine walipishana naye kila siku bila hata kumuuliza kwa nini anachechemea.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na mguu wake wa kushoto haukuwa na vidole. Viliondoka na baridi, watu walisema, wakaishia hapo. Hakuwa na ardhi, hakuwa na kondoo, na watoto aliowazaa mwenyewe walikufa wote kabla ya kujua kutembea. Aliishi katika chumba cha pembeni kwenye Shamba la Juu, akisokota sufu ya watu wengine na kungoja kuitwa. Mtu wa rika langu ambaye hakupokelewa na mikono yake, labda alizaliwa baharini.

Lakini zaidi ya mtoto, watu walimtaka kwa ajili ya kile kinachotoka baada ya mtoto. Kondo la nyuma sisi tunaliita mfuasi. Na yule kiumbe asiyeonekana anayeandamana na kila mtu maisha yake yote, naye tunamwita mfuasi. Jina ni moja kwa sababu kitu ni kimoja: mnyama wa kwanza kupita juu ya kondo ndiye anayempa mfuasi umbo lake. Kwa hiyo Oddkatla alilizika upesi chini ya jiwe la kizingiti, halafu akaagiza aletwe mnyama wa maana apitishwe hapo. Mimi nilipitishiwa farasi jike, na mama anasema ndiyo maana situlii.

Jambo moja lilinikera. Mfuasi hafuati. Anatangulia! Mgeni akiwa bado ng'ambo ya mto, mfuasi wake ameshaingia kwenu, na ndipo mnaanza kupiga miayo mchana kweupe bila sababu. Siku moja nilimuuliza.

"Bibi, kama anatangulia, kwa nini anaitwa mfuasi?"

"Kwa sababu waliompa jina hawakuwa na mtoto kama wewe wa kuwasumbua," alinijibu. "Shika uzi huo."

Sisi ni Wakristo, msinielewe vibaya. Tulibatizwa tangu enzi za mababu, na Kasisi Kolbein hupiga kelele kila Jumapili kwamba mtu hana mfuasi, ana malaika tu. Ila mke wake alipojifungua, nilikuwa pale nikichemsha maji, na nilimsikia kasisi akimnong'oneza mkunga kwenye ushoroba.

"Bibi, hivi... wa kwangu mimi, aliwahi kuonekana?"

"Ni bata bukini, Baba Kasisi."

"Bata bukini?"

"Tunakusikia kabla hujafika."

Kasisi alinuna mpaka Pasaka.

Sasa niwaambie juu ya Ljotunn. Mama yake alikuwa kijakazi wa Shamba la Juu, na alikufa akimzaa, katika tufani iliyokuja mwishoni mwa majira ya baridi, wakati kondoo wanaanza kuzaa. Oddkatla alimchukua mtoto akamlea kama wake. Lakini tufani ilipotulia, watu waliona nyayo za mbweha karibu na ukuta wa nyumba ile, na ardhi ya kizingiti ilikuwa imeganda bila alama ya jembe. Hawakuhitaji kuambiwa zaidi. Kondo halikuzikwa, mbweha amelila, na mtoto huyu atatanguliwa na mbweha mpaka siku anakufa.

Nyinyi mnaofuga kondoo mnajua maana yake. Mbweha ndiye anayeng'oa ulimi wa mwanakondoo kabla hajamaliza kuzaliwa. Wakamwita Binti Mbweha. Wenzake wakicheza, kitu kikipotea, yeye ndiye anayepekuliwa. Jambo lililoniuma mimi ni kwamba mwenyewe alikuja kuamini. Msimu wa kondoo kuzaa hakukanyaga zizini, asije akawashtua majike. Alikuwa akisimama mbali, kwenye kilima, akitazama wanakondoo wanavyosimama kwa mara ya kwanza, halafu anarudi zake ndani.

Na huyo ndiye ndugu yangu Bersi aliyempenda.

Bersi alipolitamka jambo hilo nyumbani, mama aliangusha mwiko. Baba yetu amekufa zamani, shamba ni la mama, na neno la mama ndilo la mwisho.

"Mbweha kwenye zizi langu? Mwanangu, wasichana wamekwisha?"

"Mama, yule ni mtu. Ana miguu miwili."

"Na mbele yake kuna minne."

"Basi nitaondoka na meli ya kwanza itakayotia nanga," Bersi alisema. "Nitakufa nchi za watu, na kondoo wako watanizika."

Mama alimjua mwanawe, hatanii. Usiku ule alilia jikoni nikamsikia, maana hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa na kondoo na mtoto wa kiume, na aliogopa kupoteza kimojawapo.

Mimi, pua mbele, nikaenda Shamba la Juu kuuliza. Nilimkuta Oddkatla kitandani. Goti lake lilikuwa limevimba, na tangu baridi ianze alikuwa amekataa kula. Bakuli la maziwa ya mgando lilikuwa limekauka pembeni yake. Ljotunn alikaa miguuni pake, macho mekundu.

"Kanywa maji tu," aliniambia. "Anasema amechoka. Anasema kazi yake imekwisha."

"Imekwisha kweli," Oddkatla alisema, ametazama ukuta. "Wakunga vijana wapo. Kwa nini nile chakula cha watu?"

Nilimuuliza kuhusu mbweha.

"Mbweha alikuja," alisema. "Akaondoka na njaa yake."

"Kwa hiyo hakulila?"

"Nimeshakujibu."

Nililipeleka jibu hilo nyumbani mbio, na mama akalitupa palepale. Mlezi gani atakiri kwamba mtoto wake ni mbweha? Ndipo alipomgeukia babu.

Babu yetu Skapti macho yake yalikuwa yameingia ukungu mweupe, kijiko akikishika anautafuta mdomo. Lakini wafuasi aliwaona. Alikuwa akikaa karibu na mlango, anapiga mwayo, anasema, "Dume jekundu la ng'ombe linakuja, wekeni bia," na baada ya muda tajiri fulani anabisha hodi. Mama akaamua hivi: Ljotunn aje kwetu siku yoyote aitakayo, asitume habari. Babu atasema ni nini kilichotangulia. Kikiwa mbweha, Bersi aachane naye. Kikiwa kingine chochote, hata panya, mama atafungua mlango.

Bersi alikubali kwa sababu hakuwa na la kufanya. Ljotunn aliposikia, alinishika mkono pale nje ya nyumba yao.

"Na kama ni mbweha kweli, Hallbera?"

"Usije," nilimwambia. "Mtoroke tu."

"Hapana. Nataka kujua. Tangu nizaliwe wote wanajua mimi ni nini, isipokuwa mimi."

Basi tukangoja. Siku zilipita, theluji ikaanguka, na kila mbwa akibweka mama alishika kifua. Babu alifurahia sana kuwa mtu muhimu. Aliagiza siagi zaidi kwenye samaki wake mkavu, akapewa.

Siku yenyewe tulikuwa tunasokota sufu, mimi na mama na vijakazi, na Bersi alikuwa akinoa mundu usiohitaji kunolewa majira yale. Kwanza nilipiga mwayo mimi. Halafu mama. Halafu mwayo ukazunguka chumba kizima kama umetumwa. Babu akainua uso.

"Kuna anayekuja," alisema.

Mundu wa Bersi ukanyamaza. "Ana miguu mingapi?" mama aliuliza.

"Miwili, wewe! Ni mama mmoja mtu mzima. Mfupi. Anachechemea mguu wa kushoto. Amejikunja, ana kifurushi kifuani, anakikinga na upepo."

Mama alishusha pumzi, halafu akakasirika. "Oddkatla! Kaamua kuja mwenyewe kumsemea. Na goti lile! Haya, Hallbera, weka bakuli, huyo bibi atakuwa na njaa."

Nikaweka mabakuli mawili, moja la Oddkatla na moja la Ljotunn, maana nilidhani wanakuja wote. Babu akasema, "Amefika. Anakung'uta theluji." Bersi akafungua mlango.

Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na ua mweupe, na mbwa wetu wamelala chali kwa raha, kama wanavyolala mbele ya mtu wa nyumbani.

"Amezunguka nyuma," mama alisema, ila hakuwa na hakika. Tulingoja. Mlango ulibaki wazi na baridi ikaingia, na hakuna aliyethubutu kuufunga. Ndipo tukamwona Ljotunn akipanda kutoka mtoni, peke yake, shali kichwani, uso umepauka kwa hofu. Alisimama kizingitini bila kukivuka.

"Bibi yuko wapi?" mama alimuuliza.

"Bibi gani?"

"Oddkatla! Mliyekuja naye!"

"Oddkatla yuko kitandani, mama. Hawezi hata kukaa. Nimemwacha analala." Akatutazama mmoja mmoja. "Niambieni tu. Ni mbweha?"

Mama alichukua fimbo yake, akampita msichana, akashuka mwenyewe njiani mpaka mtoni, akiinama kutazama theluji. Nilimfuata, mngetaka nibaki? Kulikuwa na nyayo za mtu mmoja, ndogo, za miguu miwili mizima isiyochechemea. Mama alizitazama mpaka akaridhika. Aliporudi aliketi, akafuta pua kwa aproni.

"Keti ule," alimwambia Ljotunn. "Mabakuli yote mawili ni yako, inaonekana."

Bersi alicheka kwa sauti ya kijinga ambayo sijaisikia tena. Ljotunn alikuwa bado haelewi. Babu alipomsimulia alichokiona, kile kifurushi na kule kuchechemea, msichana alifunika uso akalia kama mtoto mdogo, na mimi nikalia pia, sioni aibu kusema.

Kesho yake nilikuwa wa kwanza kufika Shamba la Juu. Nilimmwagia Oddkatla yote kwa mkupuo. Kwanza alicheka mpaka akakohoa. Halafu kicheko kikakatika katikati.

"Kifurushi kifuani," alirudia. "Skapti aliona kifurushi?"

"Ndiyo. Bibi, siku ile kulitokea nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, aliniambia. Watu wa shamba wote walikuwa nje wakiokoa kondoo. Mama wa mtoto alikuwa ameshakata roho. Ardhi ilikuwa chuma, jembe liliruka. Kulichoma kondo hakutaka, maana likichomwa mtoto hubaki bila wa kumtangulia. "Nikasema, huyu hana mama, nimnyime na mfuasi?" Basi akaliweka nje ukutani, akalirundikia mawe machache aliyoweza kuyang'oa. Mbweha akaja, amekonda mbavu nje, akaanza kuyafukua mawe. Oddkatla akamfukuza, akarudi. Akamfukuza tena. Mwishoni akamfunga mtoto kifuani, chini ya nguo zake zote, akaenda akalikalia lile rundo mpaka aliposikia watu wanarudi, ndipo akaingia ndani. Viatu vyake vilikuwa vimelowa.

"Vidole ndipo vilipokwenda," alisema.

"Kwa hiyo wa kwanza kupita juu yake..."

"Sikupita. Nilikaa." Alitazama mikono yake. "Miaka yote hii wananiuliza mfuasi wa fulani ni nini, wa fulani ni nini. Kumbe mimi mwenyewe ni wa mtu."

Nilidhani atafurahi. Badala yake uso ulimbadilika, akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Hallbera. Mfuasi akifa, mwenye mfuasi huchukua muda gani?"

Nililijua jibu, kila mtu kwetu analijua. Anayemwona mfuasi wake amekufa hana siku nyingi.

Oddkatla hakungoja nilitamke. Aligeuka kitandani, akalitafuta bakuli kwa mkono.

"Chakula hiki kimekauka," alisema. "Nileteeni kingine. Na samaki. Siagi mtie ya kutosha, msinifanyie ubahili, mimi si mgonjwa."

Alihamia kwetu pamoja na bibi harusi, akapewa kitanda karibu na moto, mahali alipokuwa akilala babu. Babu alilalamika sana. Kasisi Kolbein alimweleza kwa upole kwamba hayo ni mambo ya kipagani, na kwamba Ljotunn hatakufa eti kwa sababu kikongwe fulani amekufa. Oddkatla alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba supu iongezwe. Babu amekwisha kufa. Mama naye amekwisha kufa. Ljotunn ana watoto wakubwa, na kila msimu wa kondoo kuzaa yeye ndiye wa kwanza zizini, mikono imeingia mpaka kwenye kiwiko.

Oddkatla bado yupo. Haoni vizuri, hasikii vizuri, hasimami kabisa. Anakula kama mvuna majani. Hafanyi hivyo kwa kupenda chakula, maana najua meno yanavyomuuma, na siku nyingine machozi humtoka akitafuna. Jana jioni aliniita, akanikunjia uso.

"Ljotunn yuko wapi?"

"Amekwenda kuwatafuta kondoo, Bibi. Yuko mbali, huko juu."

"Mwambieni arudi apumzike," alisema, huku akijisugua magoti. "Miguu inaniuma."