Patron amenifukuza, halafu amecheza nyuma yangu

Wandugu, leo asubuhi nilifukuzwa kazi, na kabla ya saa sita patron alikuwa nyuma yangu anatikisa kiuno.

Nacheka mupaka tumbo inauma.

Nilichelewa, ni kweli. Patron akanikuta kwa mulango wa kiwanda ya sabuni: "Citoyen," ni kusema mwananchi, "rudi kwenu. Kazi imekwisha."

Bon, nikavua koti ya kazi.

Pale pale mukubwa wa Parti, chama ya serikali, akaingia. Anataka kuona ngoma yetu, maana kesho kutwa tunacheza mbele ya gouverneur wa jimbo. Na munajua nani anaongozaka ngoma ya kiwanda. Ni miye, hakuna mwingine.

"Kiongozi wenu iko wapi?"

Patron akanirudishia koti mbio. "Iko hapa, citoyen. Anavaa tu."

"Na wewe patron, ucheze pia."

Donc patron na tumbo yake, nyuma yangu. Nilimuzungusha kushoto, kuume, chini kabisa. Wamama wanaofunga sabuni walitoka machozi kwa kucheka.

Kisha patron akaniita pembeni, jasho tupu.

"Kesho ufike mapema."

"Kwa kazi, patron?"

"Kwa kazi. Na unionyeshe ile ya chini. Imenishinda."

Semeni nyinyi: nimufundishe vizuri, ao nimuache aanguke mbele ya gouverneur?