Kitinda Mimba wa Nakhumicha

Nakhumicha haogopi mtu. Ukibisha, nenda Dagoretti, pale karibu na machinjio, umwambie matumbo anayouza yana harufu. Utarudi kwenu umetajiwa ukoo wako mpaka babu wa babu. Kwa matumbo hayo aliwalea watoto wake tangu mumewe afariki, akajenga jina Uthiru, mpaka kina mama wa kanisa wakamchagua awe kiongozi wao. Lakini siku ya harusi ya binti yake Valarie, kwenye bustani ya kukodi kule Spring Valley, mama huyo huyo alikaa kiti cha mbele na kilemba kipya kichwani, na alikuwa anaogopa maikrofoni.

Shida ilikuwa Joyline.

Joyline ana miaka minane. Anamwita Nakhumicha mama na Valarie dada, na ndivyo Uthiru nzima inavyojua. Ukweli ni kwamba Valarie alimzaa akiwa kidato cha tatu, na kijana aliyempa mimba akatoweka asionekane hata kivuli. Nakhumicha hakulia. Alimwambia binti yake, "Wewe rudi shule. Huyu ni wangu." Wakahama Kangemi, wakaja Uthiru, mama na watoto wake watatu, na kazi ikaisha. Nani angeuliza? Mjini kila mtu ana mzigo wake.

Bwana harusi, Quincy, hakuambiwa. Na si mtu mbaya, jamani, afadhali angekuwa mbaya! Ni kijana mpole, anafanya kazi ya ofisi mjini, na anapenda watoto kupita kiasi. "Mama, harusi bila watoto ni mkutano wa chama," alimwambia Nakhumicha. Akaagiza watoto wa koo zote mbili waje, wawekewe meza yao mbele kabisa, na Joyline atangulie maharusi akicheza na kumwaga maua. Mtoto akafanya mazoezi sebuleni mpaka majirani wa chini wakagonga dari kwa ufagio.

Wiki ya harusi, Nakhumicha alimkalisha Valarie jikoni.

"Mwambie huyu kijana. Bado kuna nafasi."

"Nitamwambia, Mama, tukishaoana. Nikimwambia sasa ataniacha."

"Akikuacha kwa sababu ya mtoto, si aende!"

"Ni rahisi kwako kusema."

Rahisi! Nakhumicha alitamani kumrushia mwiko. Lakini mwana ukimkata mkono, utakula na nani? Akasema neno lake la mwisho: wakati wa utambulisho hatashika maikrofoni mbele ya mchungaji na kudanganya. Angemtaja Tobias, kifungua mimba wake, na Valarie, kisha aketi. Joyline atakuwa anacheza na wenzake, hatajua kinachoendelea. Wakakubaliana hivyo.

Siku yenyewe ilienda vizuri, mpaka baba yake Quincy aliposimama. Mzee alitaka kuonyesha heshima tu, wala usimlaumu.

"Kabla ya utambulisho," akasema, "tumkumbuke baba wa bibi harusi, ambaye Mungu alimchukua miaka kumi na miwili iliyopita. Tusimame kimya."

Watu wakasimama. Uthiru walijua ni mjane, lakini hakuna aliyewahi kuuliza ni mjane tangu lini. Sasa limesemwa kwa spika, na nyuma yake zimekaa meza mbili za kina mama wa kanisa, ambao hesabu hawajambo. Mume kafa miaka kumi na miwili. Mtoto ana minane. Na ni yeye Nakhumicha, kwa mdomo wake huo mkali, aliyemfokea mjane mwenzake mbele ya kikundi kwa jambo hilo hilo la kuzaa baada ya mume kufa, mpaka yule mwanamke akaacha kuja kanisani. Wee! Leo atamficha nani?

"Mama mzazi," MC akaita, "hebu tutajie watoto wako!"

Akapewa maikrofoni. Akamtaja Tobias, naye Tobias akasimama na kupunga mkono. Akamtaja Valarie, vigelegele vikapanda. "Basi," akasema haraka, "Mungu awabariki," na akaanza kuketi.

"Mama! Umemsahau shemeji yangu!"

Alikuwa Quincy, anacheka kwa furaha ya siku yake. Alikuwa amemchukua Joyline kutoka meza ya watoto, akamsimamisha juu ya kiti ili aonekane na kila mtu. Wageni wakaangua kicheko. Joyline hakucheka.

"Mama," akauliza, "na mimi?"

Nakhumicha akamgeukia Valarie, akamsihi kwa macho. Sema wewe, mwanangu. Neno moja tu. Sema ni wako, yatakayokuja tutayabeba wote. Valarie alikuwa ameinama, anapanga upya maua aliyoshika, maua ambayo hayakuwa na shida yoyote.

Afanyeje? Akitaja ukweli, anaivunja ndoa ya binti yake hata keki haijakatwa. Akinyamaza, mtoto yuko pale juu ya kiti, watu wote wanamwangalia, anangoja kuambiwa ni wa nani. Kote alikotazama hapakuwa na mlango. Aliona uchungu, akaona hasira, akamwonea huruma hata yule mjane aliyemfukuza. Kisha akainua maikrofoni.

"Na huyu ni Joyline," akasema. "Huyu ni kitinda mimba wangu. Nimemzaa mimi."

Joyline akatabasamu meno yote nje, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa. Kwenye meza za kina mama, Nasimiyu, katibu wa kikundi, akamwinamia jirani yake sikioni, na jirani akamwinamia wa pili. Nakhumicha hakugeuka. Aliwasikia tu.

Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Valarie.